Chai ya Msonobari Mweupe

Katika jimbo la Maine, Marekani, msonobari mweupe ndio mti rasmi wa jimbo, na wasemaji wa Kiswahili waliohamia Portland na Lewiston huupita kila siku wakienda kazini. Majani yake, membamba kama sindano, hutoa chai nyepesi yenye uchachu wa mbali wa limau. Kuipika ni jambo la dakika chache. Kazi ni kuujua mti.

Hatua ya 1: Hesabu majani

Umbo la mti litakudanganya. Shika tawi, ng'oa kishada kimoja cha sindano pale kinapochomoza kwenye kijiti, uzihesabu. Msonobari mweupe una sindano tano kila kishada, laini, ndefu kama kidole cha kati au kuzidi kidogo. Zikiwa mbili au tatu, huo ni msonobari wa aina nyingine, uache. Zikiwa fupi na bapa, zimejipanga moja moja pande mbili za kijiti, usiguse: huenda ni Taxus, unaopandwa sana kuwa ua mbele ya nyumba, wenye vitunda vyekundu laini. Sumu yake husimamisha moyo, na kuchemsha hakuiondoi. Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki asiuchanganye msonobari na mvinje pia. Ule si msonobari hata kidogo.

Hatua ya 2: Chuma

Kaa mbali na barabara, maana wakati wa baridi humwagiwa chumvi. Bustani ya mtu, omba ruhusa na uulize kama imepuliziwa dawa. Mti wa Krismasi wa dukani usiutumie. Chuma ncha za kijani, kidogo kidogo kutoka matawi kadhaa.

Hatua ya 3: Osha, kata

Ondoa vikonyo vya kahawia, kisha katakata sindano vipande vifupi.

Hatua ya 4: Funika

Chemsha vikombe viwili vya maji, epua, ngoja dakika moja, tia konzi moja ya majani, funika dakika 10. Usiyatokose: utomvu utaitia chai uchungu, na moto mwingi huharibu vitamini C. Chuja, tia asali. Maziwa hayaiendei.

Vitamini hiyo ndiyo iliyoyapa majani ya namna hii sifa. Majira ya baridi ya 1535–36, mahali palipo Quebec City leo, kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kiliua watu 25 kati ya 110 wa baharia Mfaransa Jacques Cartier, hadi wenyeji walipowaonyesha kuchemsha majani na maganda ya mti mmoja usiopukutika. Wanahistoria wangali wanabishana ulikuwa mti gani. Wewe una machungwa sokoni. Kunywa hii kwa ladha yake.

Mjamzito asiinywe kabisa: kuna misonobari, kama ponderosa wa magharibi, inayoharibu mimba za ng'ombe. Wengine waanze na nusu kikombe. Ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda ovyo, piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu cha Marekani. Ni bure, saa 24. Mtu akizimia, piga 911.