GATI LA BRIGHTON KATIKA PICHA ZA KALE

Kusini mwa Uingereza uko mji wa pwani uitwao Brighton. Reli kutoka London ilifika huko mwaka 1841, na watu wengi wakaweza kwenda kupunga upepo wa bahari na kurejea siku ile ile. Ili wapate kutembea juu ya maji bila kupanda chombo, lilijengwa Gati la Magharibi, likafunguliwa tarehe 6 Oktoba, 1866. Gati hili halikukusudiwa kupakua shehena, bali kuburudisha watu. Picha zake za kale, zikipangwa kwa kufuata miaka, hufundisha jinsi kitu kizuri kinavyokua na jinsi kinavyopotea.

Picha za kwanza zaonyesha sakafu ndefu ya mbao, yenye vibanda vichache, taa za gesi, na kuta za vioo za kukinga upepo. Chini yake zimesimama nguzo za chuma. Mhandisi Eugenius Birch alitumia nguzo zenye ncha kama parafujo, zikazungushwa mpaka zikazama katika ardhi iliyo chini ya bahari. Mawimbi yakapita katikati yake pasipo kugonga ukuta. Msomaji asidanganyike akiona watu wachache hapo. Siku zile kupiga picha kulihitaji sekunde kadhaa, na mtu aliyekuwa akitembea alitokea kama ukungu, au hakuonekana kabisa.

Picha za baadaye ni za gati lililojaa. Mwaka 1893 lilijengwa jumba kubwa kwenye ncha ya gati, na mwaka 1916 ukumbi wa muziki katikati yake. Merikebu za moshi zilifika kuchukua abiria, na kila aingiaye alilipa ada mlangoni.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 sehemu ya sakafu iliondolewa, ili adui asipate kulitumia gati kushukia pwani. Vita vilipokwisha gati lilifunguliwa tena, lakini fedha za matengenezo hazikutosha. Maji ya chumvi hayapumziki. Hula chuma mchana na usiku. Yampasa mwenye gati kukwangua kutu, kupaka rangi, na kubadili vyuma vilivyochakaa kila mwaka. Kazi hiyo ilipolegea, hatari ikazidi, na mwaka 1975 gati likafungwa. Mwaka 1982 liliwekwa katika daraja la juu kabisa la majengo ya kuhifadhiwa, lakini heshima hiyo haikuzuia kutu. Desemba 2002 dhoruba iliangusha sehemu yake, na mwaka 2003 moto uliliteketeza mara mbili, Machi na Mei.

Picha za siku hizi zaonyesha mifupa ya chuma peke yake majini, mbali na ufuko. Jioni za majira ya baridi makundi ya kwenzi huruka juu yake. Katika mji huo huo kuna gati jingine, lililofunguliwa mwaka 1899. Bahari ni ile ile na dhoruba ni zile zile, lakini hilo limeendelea kutengenezwa, nalo lapokea wageni hata leo.

Basi dhoruba na moto vilimaliza tu kazi iliyoanzwa na kutu. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na baharini, hata huo ukuta si rahisi kuujenga.