Somo la Vikundi: Fedha Siyo Pesa



Kikundi kimoja cha akina mama kilituletea swali, nasi tumeona ni vizuri tulijibu kwa wote. Wako 20. Sanduku lao lina shilingi 66,000, na hiyo ni karo ya watoto itakayohitajika baada ya miezi 6. Kijana wa mmoja wao anafanya kazi Marekani. Alipiga simu akasema: "Mama, pesa inapoteza thamani kila mwaka. Nunueni fedha. Huku watu wananunua vipande na kujiwekea." Akina mama wanauliza: tununue, ama tuache?

Kijana huyo hana nia mbaya, na jambo analosema lipo kweli. Hata hivyo, hebu tulisome pamoja kabla ya kufungua sanduku. Katika somo hili tukisema "fedha" tunamaanisha yale madini meupe, na tukisema "pesa" ni zile za kununulia unga.

1. Kwa nini neno ni moja?

Wazee wetu waliita madini na pesa kwa jina moja, na hawakukosea. Rupia iliyotumika hapa kwetu kabla ya 1920 ilikuwa karibu fedha tupu: sehemu 917 katika kila 1,000. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha. Shilingi tuliyo nayo mfukoni leo haina fedha hata kidogo. Kwa hiyo mwenye kipande cha fedha leo hana pesa. Ana bidhaa, sawa na mwenye gunia la maharagwe, na ni lazima amtafute mnunuzi.

2. Vipande hivi ni nini?

Vingi vinatengenezwa na makampuni ya watu binafsi, siyo serikali. Majina ya zamani yanayojulikana sana ni Engelhard ya Marekani na Johnson Matthey ya Uingereza, lakini watengenezaji ni wengi. Juu ya kipande kunapigwa chapa ya jina la kampuni, uzito, na namba 999. Maana yake ni kwamba sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha safi. Uzito hupimwa kwa aunsi ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Kuna vipande vya aunsi 1, aunsi 10, kilo moja, hata aunsi 100.

Serikali ya Marekani nayo imekuwa ikitoa sarafu yake ya fedha ya aunsi moja tangu 1986. Hiyo ina dhamana ya serikali kwa uzito na usafi wake. Kipande cha kampuni hakina dhamana hiyo, wala hakiandikwi kiasi cha pesa. Dhamana yake ni jina la aliyekitengeneza. Ndiyo sababu kwa kawaida huuzwa kwa bei nafuu kuliko sarafu ya serikali.

3. Bei ni mbili, siyo moja

Hapa ndipo wengi huumia. Bei inayotajwa kwenye redio au simu ni ya soko kubwa la dunia. Wewe hununui kwa bei hiyo. Muuzaji huongeza gharama ya kutengeneza na faida yake. Siku ya kuuza, mnunuzi naye hupunguza ili apate chake. Tena kadiri kipande kilivyo kidogo, ndivyo nyongeza ilivyo kubwa kwa kila gramu.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa namba rahisi. Tuseme bei ya soko ni shilingi 5,000 kwa aunsi. Muuzaji anaongeza asilimia 10, basi unalipa 5,500. Zile 66,000 za akina mama zinanunua vipande 12. Kesho yake mtoto anaugua, unavirudisha dukani. Bei ya soko haijabadilika, lakini mnunuzi anapunguza asilimia 5 na kukupa 4,750 kwa kila kimoja. Unarudi nyumbani na 57,000. Shilingi 9,000 zimekwenda, na hakuna mtu aliyekuibia!

Ili kikundi kirudishe zile 66,000 tu, bila faida yoyote, bei ya soko lazima ipande kutoka 5,000 hadi karibu 5,790. Na hapo hatujahesabu nauli, kutuma kutoka ng'ambo, wala ushuru wa forodha.

Jambo lingine: fedha haizai. Mbuzi huzaa, shamba hutoa mavuno, lakini kipande ukikiweka kimoja, baada ya miaka 10 utakikuta kimoja. Akina mama hawa hukopeshana kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Shilingi 66,000 zikizunguka miezi 6 na zote zikirudishwa, zinaleta 3,960.

4. Bei hupanda, na hushuka vibaya

Huko Texas, Marekani, ndugu wawili matajiri, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walinunua fedha kwa wingi katika miaka ya 1970, mwishowe kwa pesa za kukopa. Mwanzo wa 1979 aunsi moja ilikuwa kama dola 6. Januari 1980 ilifika karibu dola 50. Watu wa kawaida wakakimbilia masoko, wengine wakiuza vijiko na birika za fedha walizorithi, wengine wakinunua wasiachwe nyuma. Soko likakaza masharti, na Alhamisi tarehe 27 Machi 1980 bei ilianguka chini ya dola 11. Aliyenunua kileleni alipoteza zaidi ya robo tatu ya mali yake katika miezi miwili.

Mwanzo wa miaka ya 1990 aunsi ilishuka hata chini ya dola 4. Aprili 2011 ilikaribia tena 50. Machi 2020 ilikuwa kama 12. Mwaka 2025 ndipo ilipopita 50 na kuendelea. Kwa hiyo aliyenunua chini na kungoja alipata faida nzuri, hatukatai. Lakini yule wa Januari 1980 alingoja miaka 45 kuona bei yake tena, na kwa wakati huo dola yenyewe ilikuwa imepungua nguvu sana. Karo haingoji miaka 45.

5. Jihadhari na vya bandia

Kuna vipande vya shaba au risasi vilivyopakwa fedha juu juu. Kuna pia madini yanayoitwa "fedha ya Kijerumani". Hayo ni shaba, nikeli na zinki, hayana fedha ndani. Wengine husema tumia sumaku. Ni kweli fedha haishikwi na sumaku, lakini hata shaba na risasi hazishikwi. Sumaku itakusaidia kukataa chuma tu.

Kipimo cha maji ni bora zaidi. Kipande halisi cha aunsi 10 kina gramu 311. Kipime kwanza kwenye mizani. Halafu mwombeni mwalimu wa sayansi chombo chenye alama za mililita, mkitumbukize ndani ya maji. Maji yapande kama mililita 30. Shaba ya uzito huo itapandisha karibu 35, na risasi kama 27. Kikiwa na shaka, kipelekeni kwa sonara mnayemwamini kabla ya kulipa, siyo baada ya kulipa.

Na mtu akiwaambia, "Lipeni tu, vipande vyenu tutawawekea sisi," mwulizeni viko wapi na mtavionaje. Karatasi yenye picha ya fedha ni karatasi.

6. Tuliwajibu nini?

Tuliwaambia akina mama: karo isinunue fedha. Pesa yenye tarehe ya kutumika isiwekwe mahali ambapo bei yake haijulikani siku hiyo. Mwanachama mwenye pesa zake za ziada, ambaye hana deni na anaweza kuzisahau miaka 10, anaweza kununua kidogo kwa jina lake mwenyewe. Hiyo ni shauri yake. Sanduku la kikundi ni jasho la watu 20, na ndiyo maana lina kufuli tatu.

Kwa kijana wa Marekani tulisema asante, kwa sababu ameifikiria nyumba. Mama yake amwulize swali moja tu: "Mwanangu, siku nikitaka kuuza, ni nani hapa sokoni kwetu atakayenunua, na kwa bei gani?" Kama hana jibu, basi bado hatuko tayari kununua.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Pesa zilizo katika sanduku letu sasa, ni zipi zenye tarehe ya kutumika? Ni zipi zinazoweza kungoja?
2. Tumewahi kununua kitu tukakosa wa kumwuzia? Tulijifunza nini?
3. Tukinunua ng'ombe au bati leo na kuuza kesho, tutapoteza kiasi gani? Linganisheni na mfano wa vipande 12.
4. Mtu akitushauri jambo la pesa kutoka mbali, ni maswali gani matatu tumwulize kwanza?

Kazi ya kufanya: Mwekahazina na wanachama wawili wamtembelee sonara aliye karibu. Wamwulize ananunua gramu ya fedha kwa bei gani na anauza kwa bei gani. Waandike namba zote mbili ubaoni katika mkutano ujao, kila mtu aone tofauti kwa macho yake.