Somo la Afya: Funza na Mateso Mengine ya Miguu

Mwezi huu yafaa tuitazame miguu yetu. Jambo hili laweza kuonekana dogo, tena la aibu kidogo. Lakini katika kuzunguka kwangu hapa Nyahanga na vijiji vya jirani nimeona watu wazima walioshindwa kulima, na watoto walioacha shule, kwa sababu ya mdudu asiyezidi chembe ya mchanga.

Kiangazi kimoja nalimtembelea bibi aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Mtoto akaja kunisalimu akikanyaga kwa visigino, maana vidole vyake vyote vilijaa funza. Nami, kama wafanyavyo wengi, nikaanza kumwonya bibi juu ya usafi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Mchungaji, mtoto huyu namwogesha kila jioni. Lakini alalapo ni hapo." Nikatazama. Palikuwa na mchanga mtupu, tifutifu, na mbuzi wawili wamelala kando ya mkeka. Nikaona haya, kwa kuwa nilikuwa nimeulaumu mguu, na kumbe ugonjwa ulikuwa katika sakafu.

Wako wasemao kwamba funza ni laana au uchawi. Si hivyo, wala hakuwako huku tangu zamani. Asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 merikebu ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikafika Ambriz, katika pwani ya Angola, nayo ilikuwa imepakia mchanga wa kuipa uzito baharini. Ndani ya mchanga ule walikuwamo funza. Kutoka hapo wakafuatana na misafara, kambi hata kambi, na kabla karne ile haijaisha walikuwa wamekwisha kulivuka bara zima na kufika Zanzibar. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Uzinza mwaka 1892, yaani huku kwetu upande wa Geita, akakuta watu waliooza viungo kwa funza, na vijiji vilivyobaki mahame. Mdudu alikuwa mgeni, na watu hawakujua bado jinsi ya kupambana naye. Asiyeweza kusimama hawezi kushika jembe, na pasipo jembe njaa haikawii.

Funza, ambaye wengine humwita tekenya, ni aina ya kiroboto, urefu wake kama milimita 1 tu. Jike ndiye aingiaye katika ngozi, hasa kando ya kucha, katikati ya vidole na kisiginoni. Huuzamisha mwili wote, akaacha nje ncha ya nyuma, ambayo kwa hiyo hupumua na kutaga. Katika muda wa wiki moja au mbili huvimba hata akawa kama punje ya mbaazi. Hutaga mayai zaidi ya 100, nayo huanguka chini kila mtu apitapo na kila alalapo. Yeye mwenyewe hufa baada ya wiki 4 hadi 6, lakini mayai yake yaliyo mavumbini hugeuka kuwa viroboto wapya kwa muda wa wiki 3 au 4. Basi fahamuni: ukimtoa mguuni leo, na sakafu ukaiacha vile vile, mwezi ujao utawatoa watoto wake.

Kwanza, tuseme habari za kutibu. Desturi yetu ni pini au mwiba, naye mama huwatoa watoto wote kwa pini ile ile moja. Jambo hili ni la hatari kuliko funza mwenyewe. Kwa pini moja damu ya huyu huingia kwa yule, na pamoja nayo virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini; na kidonda kilichochimbwa na kuachwa na mavumbi chaweza kuleta pepopunda, ambayo huua. Ikiwa lazima kutoa, mwende zahanati, atumie mganga sindano safi, kila mtu yake, kisha mwulizeni habari za chanjo ya pepopunda. Wala msipake petroli, mafuta ya taa, wala ile dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimekwisha kuona ngozi ya mtoto iliyobabuka kwa dawa ya josho, na funza bado wamo.

Iko dawa iliyo bora, nayo ni mafuta yaitwayo dimetikoni. Hayana sumu, huziba tundu la kupumulia, funza akafa mahali alipo, na mwili ukamtupa nje wenyewe pasipo kuchimba. Huko Kenya yalijaribiwa kwa watoto 47, mguu mmoja ukapakwa dimetikoni na wa pili ukaoshwa kwa dawa ya zambarau, yaani pamanganeti. Matokeo yakatangazwa mwaka 2014: baada ya siku 7, katika kila funza 100 waliopakwa mafuta 78 walikuwa wamekufa, na upande wa pamanganeti 39. Mafuta haya hayapatikani kila duka la dawa, lakini kuyauliza si kosa.

Pili, sakafu, nayo ndiyo kazi kubwa. Asiye na saruji na atwange udongo wa kichuguu, ausiribe na kuushindilia mpaka usitoe vumbi, na akiona ufa auzibe siku ile ile. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Mbuzi, mbwa na nguruwe wasilale pamoja na watu, maana nao hubeba funza, na panya vivyo hivyo. Viatu vya kufunika vidole husaidia sana. Katambuga huzuia mwiba, lakini funza huingia kwa pembeni. Kwa yule bibi, vijana wanne walimaliza kazi ya sakafu kwa siku mbili. Tulipaswa kuwatuma kabla ya maneno yangu.

Magaga ya kisigino huondoka kwa kuloweka mguu katika maji ya uvuguvugu, kusugua polepole na kupaka mafuta kila usiku. Msiyakate kwa wembe. Ninyi mfanyao kazi katika mashimo ya dhahabu, ambao mabuti ya mpira hushinda yamejaa maji, vueni jioni, kausheni katikati ya vidole, na mabuti yaanikwe. Ngozi ikiwa nyeupe na kuwasha, ni fangasi, nayo ina dawa yake ya kupaka.

Tena liko jambo moja la kuogopa kuliko haya yote, nalo ni mguu usiouma. Mwenye kisukari cha siku nyingi, au mwenye ukoma, aweza kukanyaga msumari asijue, au kuota moto mpaka akaungua. Funza humkera mtu hata akatafuta msaada. Kidonda kisichouma humdanganya mwenyewe mpaka mfupa umeharibika. Ukoma hutibika, na dawa zake hutolewa bure. Mwenye ganzi ya miguu na azitazame nyayo zake kila jioni kwa mwanga wa taa, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, asikae karibu na mafiga. Mzee asiyeweza kuinama, mjukuu wake na amtazamie.