Mzee Akifa kwa Kutotunzwa: Milango Mitatu ya Sheria

Somo letu la mwezi huu ni zito, wala hatulileti kwa kupenda kumhuzunisha mtu. Twalileta kwa kuwa wako ndugu zetu wengi walio ng'ambo, katika nchi ya Marekani, ambao kazi yao ni kuuguza wazee, na wengine wana wazazi wao huko. Katika nchi ile wazee wengi wasioweza tena kujihudumia hukaa katika nyumba za kutunzia wazee, ambamo wauguzi huwalisha, huwaosha na kuwapa dawa mchana na usiku. Ziko nyumba zifanyazo kazi hiyo kwa uaminifu. Lakini mara nyingine mzee hufa humo, si kwa ugonjwa wake wala kwa wingi wa miaka yake, bali kwa sababu hakuna aliyemgeuza kitandani, au hakunyweshwa maji, au kengele yake ililia usiku kucha asijibiwe na mtu. Ndipo jamaa huulizana: Je, tunyamaze? Au iko njia ya haki?

Twajibu ya kuwa njia iko, wala si moja. Sheria ina milango mitatu, na kila mlango una swali lake. Mtu akiichanganya, atapotea. Tena akikawia, ataikuta imefungwa.

Kwanza yatupasa kujua kosa lenyewe ni nini. Sisi tuliojifunza Katekisimo twajua ya kuwa amri ya tano haimkatazi mtu kupiga tu. Yamdai pia amsaidie mwenziwe aliye na shida ya mwili. Sheria ya Marekani nayo hunena hivyo juu ya nyumba hizi. Mwaka 1987 bunge la nchi ile lilitunga sheria ishikayo kila nyumba ipokeayo fedha za Medicare na Medicaid, yaani mifuko miwili ya serikali ilipiayo matibabu ya wazee na ya maskini. Sheria hiyo na kanuni zake zaagiza kila mkaaji aandikiwe mpango wa kutunzwa kwake mwenyewe. Asifungwe wala kulewishwa dawa kwa ajili ya raha ya watumishi. Wala asiachwe kupata vidonda vya kulala ambavyo vingeweza kuzuiwa. Basi atunzaye akiacha kutenda aliyopaswa kutenda, naye mzee akafa kwa ajili hiyo, kosa ni lile lile, ijapokuwa hakuinua mkono.

Na tutazame mfano mmoja uliojulikana na watu wote. Tarehe 10 Septemba 1917 ingekuwa habari ya babu zetu. Hii ni ya juzi tu, tarehe 10 Septemba 2017. Siku hiyo tufani iliyoitwa Irma ilipiga jimbo la Florida. Katika mji wa Hollywood palikuwa na nyumba moja ya wazee, na mitambo yake ya kupoza hewa ikakosa umeme. Wazee wakakaa katika joto siku baada ya siku, na hospitali kubwa yenye hewa ya baridi ilikuwa karibu, ng'ambo ya njia tu. Asubuhi ya tarehe 13 watu wakaanza kufa. Wengine miili yao ilionekana kuwa na joto lipitalo digri 41. Mganga wa serikali achunguzaye maiti aliandika ya kuwa vifo 12 ni mauaji. Tuyakumbuke hayo tunapokwenda mlango kwa mlango.

Mlango wa kwanza ni wa wakaguzi wa serikali. Swali lake ni hili: Je, nyumba hii imevunja kanuni, nayo yafaa iendelee kutunza watu? Kila jimbo lina idara ya kukagua nyumba hizi, na sheria yataka isipite miezi 15 nyumba moja bila kukaguliwa. Mtu ye yote aweza kupeleka malalamiko kwa idara hiyo, wala hana haja ya wakili, wala halipi kitu. Kadhalika kila jimbo lina mtetezi wa wakaaji wa nyumba hizi, aliyewekwa kwa sheria, ambaye husikiliza jamaa na kuwaonyesha njia. Mlango huu hauleti fedha kwa wafiwa. Lakini waweza kuleta faini, au kuifunga nyumba, na taarifa ya wakaguzi hubaki kuwa hati ambayo baadaye yaweza kusaidia mahali pengine. Nyumba ile ya Hollywood ilinyang'anywa ruhusa yake. Tena mwaka 2018 jimbo la Florida lilitunga sheria ya kwamba kila nyumba ya namna hiyo iwe na mtambo wake wa umeme, uwezao kupoza hewa kwa saa 96. Hivyo waliobaki walipata faida kwa msiba wa waliokufa.

Mlango wa pili ni wa daawa, yaani shauri la kudai fidia. Swali lake: Je, uzembe wa nyumba ndio uliosababisha kifo, na hasara yake ni kiasi gani? Hapa madai ni ya namna mbili, na wengi huyachanganya. Namna ya kwanza ni dai la marehemu mwenyewe: maumivu aliyoyapata kabla ya kufa, na gharama za matibabu yake. Dai hilo halifi pamoja naye, bali huingia katika mirathi yake. Namna ya pili ni dai la wafiwa: mjane aliyepoteza mwenzi, watoto waliopoteza mzazi, na gharama za mazishi. Majimbo mengine huruhusu madai yote mawili pamoja. Katika Florida, sheria ya nyumba za wazee yataka mdai achague moja, ikiwa uzembe ndio uliosababisha kifo. Mara nyingi asimamaye barazani kwa daawa hizi ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na baraza la hukumu, si kila mtoto kwa nafsi yake. Basi jamaa wasigombane; wapatane mapema nani atakayesimama.

Na ikiwa nyumba ni mali ya serikali, iko njia nyingine pia. Tarehe 8 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Talevski lililotoka jimbo la Indiana, iliamua ya kuwa baadhi ya haki zilizomo katika sheria ile ya 1987 zaweza kudaiwa barazani juu ya nyumba za namna hiyo.

Mlango wa tatu ni wa jinai. Swali lake: Je, yuko mtu aliyetenda kosa la kustahili kifungo? Mlango huu jamaa hawaushiki ufunguo wake. Wao hupeleka habari kwa polisi, naye mshitaki wa serikali ndiye aamuaye. Tena ushahidi utakiwao ni mkubwa kuliko wa daawa. Yapasa usibaki shaka wa haki. Katika habari ya Hollywood, watu wanne walishitakiwa mwaka 2019, msimamizi wa nyumba na wauguzi watatu. Mwaka 2022 mashtaka ya wauguzi yaliondolewa, na mwaka 2023 hakimu alimwachilia msimamizi. Je, ilikuwa bure yote? Sivyo. Nyumba ilikuwa imekwisha kupoteza ruhusa, na sheria mpya ilikuwa imekwisha kutungwa. Mlango mmoja ukifungwa, mingine haifungwi nao, kwa maana haiulizi swali moja. Hili ndilo twataka msomaji alishike kuliko yote.

Sasa tuseme juu ya mambo ya kufanya siku za kwanza, wakati machozi hayajakauka. Kama jamaa wana shaka juu ya kifo, na waombe maiti ichunguzwe kabla ya kuzikwa. Twajua ya kuwa wengi wetu huona haya kufanya hivyo. Lakini kaburi likifunikwa, ushahidi mwingi hufunikwa pamoja nalo. Kisha msimamizi wa mirathi aombe kwa maandishi daftari zote za utunzaji: mpango wa mzee, dawa alizopewa, uzito wake mwezi kwa mwezi, na habari za kuanguka kwake. Picha za vidonda zitunzwe. Jamaa waandike tarehe walizomtazama mzee, waliyoyaona na waliyoambiwa, na majina ya watumishi waliokuwako. Yaliyoandikwa siku ile ile yana nguvu kuliko yakumbukwayo baada ya mwaka.

Tena watazame karatasi alizotiwa sahihi mzee alipoingia. Mara nyingi imo hati isemayo ya kuwa ugomvi wo wote hautapelekwa mbele ya baraza la hukumu, bali kwa mwamuzi wa faragha. Kwa kanuni ya mwaka 2019, nyumba zipokeazo fedha za mifuko ile miwili hazina ruhusa ya kumlazimisha mtu atie sahihi hati hiyo ndipo apokewe. Yapasa aelezwe kwa lugha aifahamuye, na akitia sahihi ana siku 30 za kuitangua. Basi anayempeleka mzazi leo asome kwanza, atie sahihi baadaye. Na ikiwa sahihi imekwisha kutiwa, wakili na aipime kama yafunga kweli.

La mwisho ni muda. Katika Tennessee daawa ya kifo hutakiwa kufunguliwa kabla ya mwaka mmoja kupita. Katika Florida ni miaka miwili, na huko mdai hutoa ilani kwanza na kungoja siku 75. Kila jimbo lina hesabu yake. Kwa hiyo wakili atafutwe katika jimbo lile lile alikofia mzee. Mawakili wengi wa mashauri haya hawatozi fedha mwanzoni, bali huchukua sehemu ya fidia ikipatikana. Sehemu hiyo iulizwe na kuandikwa kabla ya mapatano.

Labda mtu atasema: Kudai fedha kwa ajili ya mama yangu, je, si kumwuza? Twamheshimu aulizaye hivyo. Fidia haimrudishi mama, wala hakuna awezaye kuandika bei yake. Lakini akinyamaza, kitanda kile kitalaliwa kesho na mama wa mtu mwingine. Na wewe ndugu yetu uuguzaye katika nyumba kama hiyo, ukiona mzee ameachwa, usingoje afe. Waambie wakubwa wako, andika daftarini, na wasiposikia, mlango wa kwanza u wazi kwako pia.

Maswali ya kujifunza pamoja:
1. Milango mitatu ni ipi, na kila mmoja wauliza nini?
2. Dai la marehemu na dai la wafiwa hutofautianaje?
3. Kwa nini yafaa kusoma karatasi kabla mzee hajapokewa?
4. Katika jamaa yetu, ni nani angesimama kwa niaba ya wote, nasi tumekwisha kupatana hivyo?