Ushuru Umo Ndani ya Nyumba Yako



Hapa Mabawe, wilayani Ngara, watu wengi hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kisha bati. Wengine huishia njiani. Fedha za bati zimekwisha, na kuta zinanyeshewa mvua. Leo tutajifunza gharama moja ambayo wajenzi wengi huisahau. Gharama hiyo ni ushuru.

Ushuru unatoka wapi?

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaruhusu halmashauri za wilaya kutoza ushuru na ada. Halmashauri nyingi hutoza ushuru wa mchanga, mawe na kokoto. Fedha hizo husaidia shule, zahanati na kazi nyingine za maendeleo.

Serikali Kuu nayo ina ushuru wake. Mwaka 2023 Bunge liliweka ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji. Kwa mfuko wa kilo 50, ni shilingi 1,000.

Nani analipa?

Mwenye lori hulipa ushuru wa mchanga. Lakini hautoi mfukoni mwake. Huuongeza katika bei ya tripu. Mwenye duka hufanya vivyo hivyo kwa saruji. Kwa hiyo mlipaji wa mwisho ni wewe unayejenga.

Hata Marekani mambo ni hayo. Katika miji mingi ya huko, kampuni inayojenga nyumba mpya hutozwa ada ya barabara, maji na shule. Mara nyingi mnunuzi huikuta ada hiyo ndani ya bei ya nyumba.

Tufanye hesabu

Tuseme ushuru wa lori moja ni shilingi 5,000. Unahitaji malori 7 ya mchanga na mawe, na mifuko 40 ya saruji.

Malori: 7 × 5,000 = 35,000
Saruji: 40 × 1,000 = 40,000
Jumla: shilingi 75,000

Kama bati moja ni shilingi 25,000, hayo ni mabati 3. Usipoyahesabu mapema, utapungukiwa juu ya paa.

Ufanye nini?

1. Kabla ya kuchimba msingi, uliza ushuru ni kiasi gani. Uandike katika daftari lako.
2. Dai risiti. Fedha isiyo na risiti yaweza kuishia mfukoni mwa mtu, na zahanati isipate kitu.
3. Hudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji. Halmashauri ya Kijiji ikitaka kutunga sheria ndogo, ni lazima kwanza isikie maoni ya wanakijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi, mwanamke au mwanamume, ana haki ya kusema.

Maswali

1. Kwa nini ushuru wa lori humfikia mwenye nyumba?
2. Mifuko 60 ya saruji ina ushuru wa shilingi ngapi?
3. Katika kijiji chenu, ushuru umefanya kazi gani? Zungumzeni darasani.