Kulika na Kuoksidika: Msamiati wa Eastlands na Istilahi za Nyonga Bandia

Utangulizi
Nyonga bandia huwa na kichwa cha chuma au kauri kinachozunguka ndani ya kikombe, ambacho aghalabu hutengenezwa kwa plastiki ya polithini. Katika gereji za Eastlands, Nairobi, bushi ya gari ikiharibika fundi husema "imeisha". Neno hilo likihamishiwa kwenye kikombe cha nyonga, huficha madhara mawili yasiyofanana. Makala haya yanadai kwamba maneno ya kuyatofautisha yamo tayari katika Kiswahili cha mitaa hiyo.

Kulika
Soli ya kiatu hulika kwa kusuguana na lami. Kikombe nacho hulika kwa kusuguana na kichwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari mpasuaji John Charnley wa Hospitali ya Wrightington, Uingereza, alitumia vikombe vya Tefloni. Plastiki hiyo ni telezi mno, lakini ililika upesi, akaiacha na kuanza kutumia polithini yenye molekuli ndefu sana mwaka 1962. Hivyo basi, utelezi na ustahimilivu ni dhana mbili. Aidha, unga unaotokana na kulika hudhuru kuliko kupungua kwa kikombe chenyewe: seli za kinga huzimeza chembe zake na kuchochea mfupa ulike, hatimaye kiungo hulegea.

Kuoksidika
Dhara la pili halihitaji msuguano. Mtungi wa maji wa lita 20 ukiachwa juani kwa muda mrefu, kama ilivyo kwenye roshani nyingi za Kayole na Umoja, hupauka, hukakamaa na kupasuka. Mwanga huvunja minyororo ya molekuli, nayo oksijeni hushikamana na sehemu zilizovunjika. Plastiki ya mtungi na ya kikombe ni za ukoo mmoja. Kwa upande wa vikombe, kichocheo kilikuwa miali ya gama iliyotumiwa kuua vijidudu. Vilipopigwa miali hiyo penye hewa, radikali huru zilibaki ndani na kuingiliana na oksijeni polepole, hata vikiwa bado kwenye pakiti. Kuiita hali hii "kutu" ni kupotosha, kwani kutu ni ya chuma. "Kuoksidika" linafaa kuwa istilahi, na "kukakamaa" kuwa ufafanuzi kwa mgonjwa.

Umuhimu wa kutofautisha
Miali ya gama kwa kipimo kikubwa huunganisha minyororo ya molekuli na kupunguza kulika. Polithini za aina hiyo zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, miali hiyohiyo huacha radikali huru. Ndipo watengenezaji wakaiyeyusha upya plastiki, hatua inayopunguza uimara wake kiasi, au wakaitia vitamini E izuie kuoksidika. Neno "imeisha" haliwezi kueleza jinsi kinga ya dhara moja ilivyofungulia jingine mlango.

Hitimisho
Mzee wa Makongeni anayeombwa aridhie upasuaji wa pili anastahili kuelezwa kama kikombe chake kimelika au kimekakamaa, kwa lugha anayoimudu. Mwanaistilahi hana budi kuanza kwa kusikiliza maneno ya fundi viatu na muuza maji kabla ya kuunda mapya.