Lushoto wakati wa baridi

Wengi hupanda Lushoto Desemba, shule zikifungwa. Mimi nakushauri uende Juni, Julai au Agosti. Masika yamekwisha, njia za milimani zimekauka, na ubaridi unakuwezesha kutembea tangu asubuhi hadi alasiri bila jua kukumaliza nguvu. Theluji haianguki Usambara. Mchezo wa majira ya baridi huku ni kutembea kwa miguu, na sijaona pengine Tanzania panapoufaa zaidi.

Kutoka Dar es Salaam, panda basi la asubuhi stendi ya Magufuli. Yapo yanayofika Lushoto moja kwa moja. Ukiyakosa, panda la Moshi au Arusha, shuka Mombo utafute gari la juu. Zimebaki kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, kwa hiyo kaa dirishani. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo walipanda kwenye mji wao wa baridi, walioupa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili: Wilhelmstal. Ndiyo Lushoto ya leo.

Wageni hupiga picha majengo yale ya kale wakaona historia wameimaliza. Jambo hili linaniuma. Kabla ya Wilhelmstal kulikuwa na Vuga, upande wa Soni, makao ya wafalme wa Kilindi. Kimweri ye Nyumbai alitawala akiwa Vuga mpaka alipofariki mwaka 1862, na mamlaka yake yalifika pwani. Mmisionari Krapf alifunga safari kwenda kumwona mwaka 1848. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga mfalme Mputa. Tenga siku nzima kwa ajili ya Vuga, tafuta mwenyeji anayezijua habari za Mbegha, mwanzilishi wa ufalme huo, umwache asimulie bila kumharakisha.

Nguo nzito unaweza kununua hukohuko. Nenda sokoni Alhamisi au Jumapili, siku za gulio. Nilipomwamkia mama mmoja muuza mitumba, aliitikia, “Marahaba, mwanangu,” kisha akashika mkono wa shati langu. “Hili ni la Tanga. Huku utalala nalo vipi?” Akachambua rundo, akachomoa sweta la sufu, akaliinua kwenye jua nione kama lina tundu, akalivuta kwapani nione mshono. Ndivyo sweta linavyokaguliwa. Viatu navyo viwe na soli yenye meno, maana umande wa asubuhi huteleza.

Siku ya kwanza nenda Irente, kilomita tano au sita kutoka mjini, mwendo wa kupashia miguu moto. Ukingoni ardhi inakatika ghafla: Mazinde iko chini karibu mita 1,000, na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari. Ukirudi pitia shamba la kanisa la Kilutheri, ule jibini na mkate wao wa rai.

Magamba ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ni msitu wa hifadhi; lipa kiingilio, chukua mwongozaji, uingie mapema. Humo kuna mikulo mikubwa, miti ya kafuri ambayo jina lake la kisayansi lenyewe limebeba Usambara, na mbega wanaoruka juu kwa juu. Tembea polepole ukitazama vijiti vya kando ya njia, maana vinyonga hawajionyeshi kwa mtu mwenye haraka.

Mwenye siku za kutosha aendelee kwa miguu hadi Mtae, akilala njiani Rangwi kwa masista. Kijiji cha Mtae kimekaa ukingoni, tambarare ya Mkomazi ikiwa chini yake. Mabasi ya kurudi Lushoto huondoka alfajiri mno, kwa hiyo ongea na kondakta jioni, umwoneshe nyumba uliyofikia, na ufungashe mizigo kabla ya kulala.